Uso Wako Juu ya Jiwe Jeusi

Tabaka,
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nimeuchora uso wako kwenye sahani ya jiwe. Naandika kwa Kiswahili cha shule kwa sababu kwa Ekegusii ningeona haya kulisema. Habari za nyumbani Sironga? Mgongo wako je? Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka.

Hapa kwa mjomba wanaume huchonga, sisi wasichana tunasugua mawe kwenye karai la maji. Kuchora ni kazi ya mjomba mwenyewe. Sahani ikishapakwa rangi nyeusi na kukauka, anaikwaruza kwa waya wa mwavuli alioutia makali, weupe wa jiwe unatokea. Nimemtazama miezi mingi, Mama. Nywele hazigusi, anaziacha kwenye weusi wenyewe. Shavu hulichora kwa mistari miembamba, yote ikielekea upande mmoja, mara shavu linajaa. Mstari ukikosea, haufutiki.

Basi nikajificha na waya wake na sahani moja. Sikungoja rangi ikauke, ikabanduka kando ya jicho. Nilitaka kulia. Kumbe pale palipobanduka ndipo uso wako ulipoanza kucheka, vile unavyocheka wewe.

Jana mjomba aliiona sahani kwenye rundo nilikoirudisha. Akaiinua kwenye mwanga.

"Huyu si dada yangu? Nani amemchora?"

Akamgeukia Onsongo, fundi wake. "Wewe ulimwona Pasaka, alipomleta huyu binti yake. Kumbe una mkono hivi! Jumatatu unaanza kuchora na mimi."

Onsongo akacheka tu, hakukana. Mimi nikainamia karai. Niliogopa nikisema nitarudishwa nyumbani kwa kushika waya bila ruhusa. Lakini nafasi ile naitaka mimi, Mama.

Nisalimie nyanya, na kaka anayechunga ng'ombe, na shangazi wa sokoni Nyamira.

Nasikia viatu vya tairi vya mjomba vikija mlangoni. Siku zote akija mimi husukuma barua zangu chini ya godoro asizione. Hii naiacha mezani.

Mama, amesimama nyuma yangu, amesoma yote.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

Ametoka. Amerudi na ile sahani na waya, ameviweka juu ya karatasi hii hii.

"Dada yangu hukumpa masikio," amesema. "Sogea dirishani, umalizie."

Naweka kalamu chini.

Binti yako,
Kemunto