Dase za Akko Juu ya Waya

Kaka Guyo,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama naye, na magoti yake yamempa nafuu hata anaweza kuswali akiwa amesimama. Mvua imeshuka huko? Mbuzi wanapata majani? Huku Doha hatujaona hata wingu. Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sijui nikuambie nini.

Utashangaa kuona karatasi na simu iko. Simu nimejaribu. Mara tatu nimerekodi sauti, na mara tatu nimeifuta kabla haijakufikia. Barua hii nimempa mzee mmoja wa Ngaremara ambaye tunalala naye chumba kimoja, anarudi nyumbani likizo. Nimemwambia akupe mkononi, pale soko la mifugo, asimwachie mtu. Tafadhali kaa chini uisome yote, hata ukikasirika katikati.

Unajua kazi yetu hapa ni kuvuta waya kwenye majengo mapya. Juu ya dari wanatandika sufi nene ya kuzuia joto. Wiki iliyopita nilimaliza vyumba viwili mbio mbio. Nililaza waya, nikazifunika na ile sufi kabisa, nikashuka kwenye ngazi nikijiona fundi wa mafundi. Msimamizi wetu ni mzee wa Kihindi, tunamwita Chacha, yaani ami kwa lugha yao. Akapanda, akachungulia, akashuka polepole.

"Kwenu umefanya kazi hii miaka mingapi?" akaniuliza.

"Kumi."

"Na hakuna nyumba imeungua?"

 Yeye alikuwa ananitania tu, lakini mimi, kaka, niliikumbuka nyumba yetu.

Akaniita mezani kwake. Akachukua waya moja akaikata vipande viwili, unene uleule, shaba ileile. Kimoja akakiacha wazi, kingine akakizungushia sufi. Akapitisha stima sawasawa kwenye vyote viwili, kisha tukanywa chai. Baadaye akaniambia niguse. Cha wazi kilikuwa na uvuguvugu tu. Kile cha kwenye sufi kiliniunguza kidole, na plastiki yake ikavutika kama chingamu.

Akanieleza vile mtu anaeleza mtoto. Waya ikibeba stima inapata joto. Shaba yenyewe haijali, inavumilia. Kinachoshindwa kwanza ni plastiki iliyoivaa. Kwa hivyo usiulize shaba inaweza kubeba kiasi gani, uliza plastiki inaweza kuvumilia joto gani. Ndiyo maana waya mbili za unene mmoja hazilingani, kwa sababu moja imevaa plastiki ya kulainika mapema na nyingine imevaa ngumu. Na joto lazima lipate pa kutokea. Kama waya iko mahali pa moto, ama umeifunika, ile iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Inaweza kubeba nusu tu, na pengine hata nusu hiyo ni nyingi.

Mimi miaka kumi nilikuwa naangalia unene peke yake.

Sasa kumbuka chumba cha Akko. Tulipomtoa Korbesa tukamleta kwenye ploti yetu Bulla Pesa, nyanya yetu yule alikataa kuacha dase zake. Ulimwambia mikeka hiyo ya nyasi ni ya nyumba ya kuhama na ngamia, hapa ni mjini, kuna mabati. Akasema amelala chini ya dase tangu azaliwe. Na mabati yenyewe yalikuwa yanampika mchana, alikuwa anakaa mlangoni akijipepea na kipande cha kartoni. Ndipo nikapata akili yangu ile. Nikapanda juu ya dari, nikatandaza dase zake zote, moja juu ya nyingine, ili joto la mabati lisimfikie. Na kweli chumba kilipoa. Akko alifurahi mpaka akanitemea mate ya baraka kifuani, unakumbuka? Chini ya dase hizo ndiko nilikopitisha waya zote za nyumba. Ya friji, ya jiko la koili, ya pasi ambayo mke wako Talaso alikuwa akipigia watu nguo kutwa nzima. Waya za bei rahisi, juu ya dari ya Isiolo, chini ya nyasi kavu. Na breka, ile swichi ya kukata stima ikizidi, ilipoanza kujizima kila alasiri nikaitoa, nikaweka kubwa zaidi, na nyote mkanishukuru.

Mke wako aliniambia. Ilikuwa wiki chache kabla ya moto. Alisema, "Shemeji, mbona huku juu kunanuka kama sahani ya plastiki imewekwa jikoni?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Hilo ni joto la Isiolo, shemeji, umesahau kwa sababu siku hizi una feni." Akacheka na yeye, yakaisha.

Kumbe plastiki ilikuwa inalainika siku baada ya siku, mpaka waya zikagusana. Dase zikashika moto. Akko alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Tuliomba pamoja kaburini kwake, sitarudia hayo. Lakini mikono ya Talaso uliiona. Aliingia mara mbili kumvuta, mara ya pili wakamtoa majirani kwa nguvu. Mikono hiyo ilikuwa bado imefungwa bandeji siku wazee walipokaa kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Wakamuuliza kuhusu pasi, naye akasema, "Wallahi niliichomoa kabla sijaenda kuteka maji." Alisema hivyo mara ngapi, kaka? Halafu wakaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi. Nikasema waya zangu ziko sawa, ni pasi iliyoachwa ikiwaka ndiyo iliyovuta stima mpaka dari ikashika.

Kwa neno langu ukamwandikia talaka. Alirudi kwao Korbesa na mtoto, akiitwa yule aliyemuua Akko.

Mama ameniambia kwa simu kwamba kuna mtu wa Merti amepeleka posa, na babake Talaso anataka kukubali kwa sababu nani mwingine atamchukua. Nimekosa usingizi tangu siku hiyo. Kaka, wakusanye wazee walewale, palepale ukutani, umpe imamu hii barua awasomee. Kisha nenda Korbesa kabla hawajajibu posa. Najua eda imeisha na itabidi mfunge nikahi upya. Najua pia anaweza kukufungia mlango, na hiyo ni haki yake. Nenda hata hivyo. Hata akiolewa Merti, aolewe watu wakijua hakufanya kitu.

Msalimie Mama. Mwambie hela za dawa ya magoti zinakuja na huyu mzee wa Ngaremara. Msalimie jirani yetu, mama muuza maziwa, aliyemmwagia Talaso maji mikononi siku ile. Wasalimie wote wa ploti. Mtoto wako ukimwona umbebe kwa niaba yangu, kama mamake atakubali.

Ningeweza kuishia hapo. Ungesema ndugu yangu hakujua, alikosea kama fundi yeyote, na pengine ungenisamehe. Mimi pia nimejiambia hivyo wiki hii yote. Lakini barua haijaisha.

Moto ulipozimwa, unakumbuka niliwaambia watu wasiingie mpaka nihakikishe stima imekatwa. Niliingia peke yangu. Kwenye chumba cha Akko waya za darini zilikuwa uchi, plastiki yote imekwisha. Kwenye sebule moto haukufika vizuri, ni moshi tu. Pasi ilikuwa chini, nyuma ya mlango, imesimamishwa vile Talaso huisimamisha ipoe. Plagi yake ilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye soketi. Nilisimama hapo. Sikujua bado sababu ya moto, ila niliogopa waya zangu. Nikaokota ile plagi, nikaichomeka ukutani, nikaiweka pasi juu ya meza. Kisha nikatoka nje nikawaita muingie muone.

Ni mimi, Guyo. Talaso aliichomoa.

Mdogo wako,
Halkano