Mwaka Mzima wa Kumwombea Wifi Osmunda

Jumatatu, tarehe 5 Januari. Mbuji. Mvua tangu jana, na mimi nimenuna tangu Alhamisi.

Naandika nimekaa jikoni, miguu ina tope hadi magotini, kahawa imeshapoa. Baba Neema ameniuliza mara mbili kama naumwa. Siumwi. Nimekasirika, na aliyenikasirisha, nisamehewe kwa kusema hivi, ni Mungu.

Ngoja nieleze.

Jumuiya yetu ina desturi yake. Siku ya Mwaka Mpya tukitoka Misa tunakutana kwa mwenyekiti, tunakunywa chai, halafu unapitishwa ungo wenye vikaratasi vilivyokunjwa. Kila kikaratasi kina jina la mmoja wetu. Jina utakaloliokota ndilo la mtu wa kumwombea kila siku mwaka mzima, na mwenyewe hapaswi kujua. Siri inafunguliwa Desemba, karibu na Noeli. Kila mtu anamfuata wake na kumwambia, watu wanakumbatiana, wengine wanalia. Mwaka jana niliokota Bibi Anjela, mpole kama nini. Kumwombea yule ilikuwa starehe.

Mwaka huu nilijiandaa. Nilifunga siku tatu. Nikamwambia Mungu kwamba huu ni mwaka wa kukutegemea wewe tu, bila masharti, bila manung'uniko, nipe chochote nitapokea. Nikaingiza mkono kwenye ungo kwa imani kubwa kabisa.

Wifi Osmunda.

Jamani!

Nilijaribu kukirudisha, sitaficha. Nilijifanya kimeniponyoka, nikainama ili niokote kingine. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Mama Neema, hicho hicho."

(Naandika jina lake hapa bila wasiwasi kwa sababu simu yake ni kitochi, haifungui mtandao. Ninyi wa jumuiya mkisoma, nyamazeni.)

Osmunda ni dada wa mume wangu. Alifiwa na mumewe, akarudi nyumbani, na baba mkwe akamkatia shamba mlimani, juu kabisa ya langu. Mimi ni mtu wa Liuli, nimekulia kando ya ziwa, kwenye mihogo na samaki, mahali ambapo shamba halikuangushi. Nilipoolewa huku sikujua ngolo ni kitu gani. Kwa msiojua, ni mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko. Majani yaliyofyekwa yanalazwa kwa miraba, unachimba udongo wa katikati na kuyafunika, katikati panabaki shimo. Maji ya mvua yanatulia humo, na udongo haushuki. Osmunda ndiye aliyenifundisha. Na siku hiyo hiyo akawaita wanawake wote waje waone, akawaambia huyu bibi harusi wa ziwani anachimba ngolo kama anazika samaki.

Miaka kumi na moja imepita. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mtu ataniuliza kama samaki wangu wamefufuka.

Basi, nikaanza kumwombea huku nimeuma meno. Tarehe mbili nikamwombea afya, tukamalizana. Tarehe tatu nikasema nisiwe mchoyo, nikamwombea shamba lake, lipate mvua ya kutosha.

Mvua ikaanza jana. Maombi yangu mengine yanakaa miaka, hili likajibiwa kesho yake!

Shida ni kwamba msimu huu shamba la Osmunda halina ngolo. Ana matuta, tena yameelekea bondeni. Mvua ikinyesha kwake, maji yanahamia kwangu. Leo asubuhi nimekuta mistari minne ya mahindi imelala kifudifudi na mashimo yangu yamejaa tope lake. Hayo mahindi ndiyo chakula cha nyumba hii, hatuna shamba lingine. Na mvua nimeiomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimepiga magoti!

Sasa niombeje? Nikimwombea mvua, nazama. Nikimwombea jua, namloga.

Nikapanda mlima, jembe begani. Haikuwa safari ya sala. Nilimkuta amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, anahangaika peke yake kuziba mapengo ya matuta, na udongo unampita tu kwenye miguu. Hata salamu sikutoa. Nilimuuliza kwa nini hakuchimba ngolo kama watu wengine.

Nilikuwa nimejipanga kwa matusi yake, na majibu nilikuwa nayo tayari. Hakunitukana. Alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Ngolo inachimbwa na mtu mmoja, wifi? Mwaka jana ngokela ilikosa siku za kufika kwangu. Si kosa la mtu. Mungu akipenda mwaka huu nitafikiwa." Kisha, maana ni Osmunda, akaongeza, "Halafu mashimo yako bado hayana kina."

Niligeuka nikashuka, karibu niteleze.

Ngokela ni kazi ya zamu. Leo kundi zima linalima kwako, kesho kwangu, mpaka kila mtu amefikiwa. Zamu zinapangwa na mtu mmoja mwenye daftari.

Mwenye daftari ni mimi.

Machi iliyopita siku hazikuisha. Zilibaki mbili. Nililiruka jina lake makusudi, nikampelekea ujumbe kwamba watu wamechoka na mvua zinakatika, na nikajisikia vizuri kabisa. Jumapili nikapokea komunyo. Sijawahi kuliungama hilo, kwa sababu nilijiambia ni mambo ya ratiba tu, padre hana haja ya kusumbuliwa.

Kwa hiyo hilo tope lililolaza mahindi yangu nimelipanga mwenyewe, kwa kalamu, tangu Machi. Na siku nne hizi zote nimekuwa nikimnunia Mungu.

Bwana, nakuamini, lakini unachosha. Niliposema chochote sikuwa na maana ya hiki.

Mchana wote nimekuwa nikitafuta njia ya mkato. Ipo moja nzuri sana. Machi nimweke wa kwanza kwenye daftari, nikae kimya, yaishe. Hakuna atakayejua. Ila Desemba itafika, nitamwambia ni yeye niliyekuwa namwombea, naye atanikumbatia mbele ya watu na kunishukuru. Hapo ndipo ninaposhindwa. Nimejaribu kuiwaza hiyo siku mara tatu, na siifikishi mwisho.

Kesho, mvua ikatike isikatike, nitapanda na Baba Neema tuyakate yale matuta na kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji korongoni. Osmunda ataniuliza nimefuata nini, maana tangu niolewe sijawahi kumlimia bila kuitwa. Kwamba namwombea, siruhusiwi kumwambia mpaka Desemba. La daftari nitamwambia kesho, kabla sijainua jembe.

Bwana, usikae mbali. Mdomo wake unaujua.