Sura Nne za Mwisho za Mwajabu

Jumatano, 9 Julai

Nimesoma sura ya kumi na tatu. Baada ya alasiri, nyuma ya nyumba, mkekani, kwa sauti. Sura moja tu, halafu nikafunga kitabu, ingawa nimemwacha Mwajabu amejificha nyuma ya magunia ya mahindi na mwenyekiti wa kamati ya shule anaingia stoo.

Hiyo ndiyo sheria ya mume wangu Saidi. Sura moja kwa siku, hakuna kuchungulia mbele. Hiki tulikianza pamoja mwezi wa tano. Alikufa tukiwa sura ya tisa. Kikakaa chini ya mto wangu zaidi ya siku thelathini. Jumapili nikakitoa.

Mama Ashura, jirani, kapitisha kichwa juu ya ua: "Mjane yuko eda anasoma hadithi za watoto! Soma Yasini, mama."

Yasini nimeisoma asubuhi. Nikaingia ndani. Nina miezi mitatu mbele yangu ya kukaa ndani ya ua huu na yeye ndiye nitakayemsikia kila siku. Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Alhamisi, 10 Julai

Sura ya kumi na nne. Kengele ya shule bado haijapatikana. Si kengele hasa, ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, wanaigonga kwa nondo. Imeibwa na shule nzima haijui saa. Wanamsingizia mlinzi. Mwajabu haamini.

Watu walimcheka Saidi. Mwanamume wa miaka hamsini na nane, fundi wa mashine ya kusaga, ana unga mpaka kwenye kope, anasoma vitabu vya msichana wa miaka kumi anayekamata wezi. Alivinunua kimoja kimoja stendi ya Korogwe, kwa muuza vitabu vya mitumba anayevitandaza juu ya turubai. Viko kumi na kimoja. Kumi nimevipanga kwenye boksi la mafuta ya kupikia, hiki cha rimu kiko chini ya mto. Kila ukurasa una alama ya kidole chake chenye unga. Mashine ilimharibia masikio, kwa hiyo alisoma kwa kelele kama anayeuza samaki.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hasomi vya wakubwa, vya polisi wenye bastola. Akasema polisi akiingia kwako unavaa shati na unanyamaza. Mtoto akiingia, nani ananyamaza? Mwajabu anatumwa chumvi. Anatumwa kurudisha ungo. Anatumwa kuomba kaa la moto. Hakuna nyumba asiyoingia, na watu wanasengenyana mbele yake kama vile ni kuku kapita. Yeye anaona. Saidi alisema hakuna mpelelezi wa kumshinda mtoto anayetumwa.

Halafu mwisho. Mwisho wa kila kitabu wakubwa wanakaa kwenye mabenchi, mtoto anasimama, anasema aliyoyaona. Hakuna anayemwambia nyamaza. Hapo sauti ya Saidi ilikuwa inakwama. Vitabu vyote. Mimi najifanya naokota mawe kwenye mchele.

Najua kidogo kwa nini. Alipokuwa na miaka tisa, kwao Magoma, alichapwa kwa kuiba jogoo wa baba yake mkubwa. Hakuiba. Alimwona aliyeiba, akasema. Akachapwa mara ya pili kwa kumsingizia mtu aliyemzidi umri. Aliniambia mara moja tu, mwaka tuliooana. Hakutaja jina la mtu.

Jumamosi, 12 Julai

Arobaini imepita. Dua, pilau, watu. Jana na leo sikusoma, nyumba ilijaa.

Wifi Mwanahamisi, dada yake mkubwa Saidi, ndiye aliyegawa vitu. Ndivyo ilivyo kwetu. Vya marehemu vinatoka nje vinakuwa sadaka, na anayegawa ni ndugu wa damu, si mke. Nilibakiwa na koti lake la mvua. Mguu unaniuma. Nalala.

Jumapili, 13 Julai

Boksi halipo.

Chini ya mto hakuna kitu.

Nimeinua godoro. Nimetazama nyuma ya kabati, jikoni, kwenye banda la kuku. Nimeuliza kila aliyelala hapa. Wifi kaondoka na basi la saa kumi na mbili kwenda Korogwe, na mizigo miwili, na boksi.

Aliingiza mkono chini ya mto ninaolalia. Mimi nikiwa naswali alfajiri!

Simu yake haipatikani. Nimepiga mara tisa.

Jumatatu, 14 Julai

Amepokea. Sikumwamkia. Miaka thelathini na mbili tangu niolewe, leo mara ya kwanza sikumpa shikamoo yake.

"Wifi, usinipandishie sauti. Nimemtolea sadaka ndugu yangu. Nilipita navyo madrasa hapa Korogwe."

Maalimu kafungua cha kwanza, kaona picha ya msichana kichwa wazi kapanda ukuta. Akamrudishia boksi zima.

"Sasa ningevibeba mpaka Magoma? Nikampa mama wa bagia pale stendi. Hata karatasi ya kufungia chakula ni sadaka, wifi. Thawabu zinamfikia."

Nikamwambia kimoja tulikuwa hatujamaliza. Nikamwambia nilibakiza sura nne.

"Mtu mzima! Na vitabu gani vile, vya kumfundisha mtoto kumuumbua shangazi yake mbele za watu."

Nikakata simu. Bagia! Vidole vya Saidi wamefungia bagia.

Jumanne, 15 Julai

Nimemtuma mke wa shekhe akaniulizie kama naweza kwenda Korogwe mchana na kurudi mchana. Jibu: hospitali, ndiyo. Chakula kama huna wa kukuletea, ndiyo. Kitabu cha hadithi si haja.

Namkasirikia shekhe. Huenda yuko sahihi na bado namkasirikia.

Namkasirikia wifi, kwa mkono wake chini ya mto wangu.

Namkasirikia Saidi. Sura moja kwa siku, sheria yake, halafu yeye mwenyewe anaondoka sura ya tisa. Tungesoma mbili mbili tungemaliza. Tungesoma mbili mbili ningejua.

Namkasirikia hata Mwajabu. Kwenye vitabu kila kilichopotea kinapatikana. Anapita nyumba hii, anapita ile, jioni anajua yote. Anatumwa kila mahali. Mimi hata chumvi naletewa.

Mama Ashura kauliza juu ya ua mbona leo kimya. Nikamwambia aende zake.

Jumatano, 16 Julai

Nilikuwa naosha mchele. Likanijia neno lile. Shangazi.

Mwajabu ana shangazi, kweli. Lakini katika sura zote kumi na nne shangazi hajaumbuliwa na mtu. Anapika tu. Anamtuma chumvi. Vitabu vile vingine kumi havina shangazi kabisa, navijua. Basi wifi kalijulia wapi hilo?

Niliacha mchele kwenye maji. Nikapiga simu.

"Wifi, umekisoma."

Nikasikia mlango wa kwake unafungwa.

"Nilikisoma," akasema. "Kilikuwa na karatasi katikati, nikafungulia hapo. Nikafika nacho mpaka Korogwe."

Karatasi hiyo niliiweka mimi. Mwanzo wa sura ya kumi na tano.

Nikamuuliza kama alikisoma, kwa nini akakitoa. Akaanza kusema mambo ya jogoo. Mimi sikumtajia jogoo. Amesema mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema nje ya mlango wa chumba cha mgonjwa. Jogoo alichukuliwa na kaka yao, mtoto wa baba mkubwa. Saidi alimwona. Na yeye Mwanahamisi alimwona, alikuwa anafagia uwanja. Saidi aliposema, wakubwa wakamgeukia yeye: mwenzio umeona nini? Akasema hakuona kitu.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne, wifi. Tulikuwa tunalishwa pale."

Vile kumi alivitoa kwa moyo mweupe, anasema. Kile cha rimu alitaka kichanwe kiishe haraka.

Miaka arobaini na tisa. Saidi amekaa naye kwenye harusi, kwenye misiba, kamsagia mahindi bure, na neno hilo hakulisikia. Tumemzika hajalisikia. Na mimi ndiye niliyeletewa, mimi ambaye halinisaidii!

Nilitaka kumtukana. Matusi sikuyapata, sina mazoezi. Nikamwambia: "Njoo unimalizie kitabu changu."

Ijumaa, 18 Julai

Amekuja. Kaja na mkungu wa ndizi na maboga mawili. Nimemwamkia kwa sababu ni mkubwa. Hatukukumbatiana.

Baada ya alasiri kakaa mkekani, upande wangu wa siku zote. Upande wa Saidi sikumwachia. Akataka kusimulia zote nne kwa mkupuo, aondoke na basi la kesho. Nikasema hapana. Sura moja kwa siku.

"Wifi, nimeacha kuku wangu Magoma."

"Kuku watakusubiri."

Akaguna. Akaanza. Anasimulia vibaya sana. Mlinzi anamwita "yule mzee". Mwenyekiti anamwita "yule wa suruali". Sura ya kwanza hadi ya kumi na nne hajui hata neno, kwa hiyo hajui kwa nini Mwajabu yuko stoo, wala magunia yametoka wapi. Inabidi nimweleze ndipo aweze kunieleza. Alifikiri mlinzi ni babu yake Mwajabu. Nilikaribia kucheka. Sikutaka kucheka.

Katikati, sauti kutoka nyuma ya ua: "Semeni kwa nguvu! Huyo mwenyekiti kafanya nini stoo?"

Mama Ashura. Kumbe miaka yote hiyo Saidi akipiga kelele mkekani, yeye yuko upande wa pili na ungo wake. Anamjua Mwajabu kuliko wifi. Anavijua na vile kumi. Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Yasini, mama! Halafu nikamwambia apitie mlangoni kama watu.

Jumamosi, 19 Julai

Sura ya kumi na sita. Kuna harusi kwa mwenyekiti, anaoza binti. Mwajabu katumwa kupeleka mwiko. Sufuria kubwa la pilau limekaa juu ya jiko la ajabu, la mviringo, lina matundu pembeni. Rimu. Wezi wa rimu wanapikia rimu, na kijiji kizima kinakula.

Mama Ashura kapiga makofi. Mimi pia ilinifurahisha, halafu nikakumbuka ninayemsikiliza ni nani. Chakula cha jioni nimekula peke yangu jikoni. Utoto. Ndivyo nilivyofanya.

Jumapili, 20 Julai

Sura ya kumi na saba ni fupi. Wifi kaisimulia akitazama mkeka.

Aliyekuwa anapika kwenye lile jiko ni shangazi. Alilitambua siku ile ile. Alijua mlinzi kafukuzwa kazi bure. Mwajabu anamuuliza, na shangazi anamwambia: chota maji, achana na mambo ya wakubwa.

Hapo wifi akasema sura imeisha. Mama Ashura alitaka kusema kitu, nikamshika mkono.

Nilisubiri nimwonee huruma. Haikuja. Nilimwona msichana wa miaka kumi na minne na ufagio, hilo nililiona. Nikamwona na wa miaka tisa. Yule wa tisa ndiye niliyeolewa naye.

Jumatatu, 21 Julai

Sura ya kumi na nane. Leo upepo umetulia, mahindi ya Mama Ashura yameanikwa mpaka mlangoni kwetu.

Wakubwa wamekaa kwenye mabenchi ya darasa la tatu, magoti yamewafika kidevuni. Mwajabu kasimama. Amesema: stoo, magunia, harusi, jiko. Wakamgeukia shangazi wamuulize kama ni kweli. Wifi alisimulia hapo polepole kuliko siku zote. Hakusahau jina hata moja. Shangazi akasema: mtoto kasema kweli, mimi niliona.

Nikauliza kama rimu waliirudisha mtini. Wifi hajui. Ulibaki ukurasa mmoja, basi likawa limefika, na macho yake, anasema, yalikuwa hayaoni vizuri. Akakifunga. Kwa hiyo ukurasa huo hapa hakuna anayeujua.

Mama Ashura kasema lazima waliirudisha, shule itakwendaje bila kengele. Wifi kasema chuma kilichokaa motoni hakilii tena. Mimi nilisema kinalia, ila sauti inakuwa nyingine, Saidi alikuwa na nondo za mashine zilizowahi kuungua. Tumebishana mpaka adhana ya magharibi.

Mama Ashura kaenda kukusanya mahindi yake. Wifi anaondoka keshokutwa. Bado nina hasira naye. Namsikia nje anatawadha, taratibu, kuinama kunamtesa goti. Nimempelekea kigoda.