Saa Sita za Uongo

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa Chanika, nimekaa kitandani kwako, maana kwingine kote nyumba imejaa watu na sitaki wanione nikilia tena.

Guangzhou hadi Dar es Salaam ni kilomita elfu nane na mia saba. Ukijumlisha na kungoja ndege ya pili njiani, ni saa ishirini na moja. Sikuwahi kukwambia hivyo. Nilipopata kazi ya kuwakusanyia mizigo wafanyabiashara wa Kariakoo huko China, ulinikatalia. Ulisema binti wa pekee haendi mahali ambapo mama yake hawezi kumfuata. Nikakudanganya: "Saa sita tu, mama. Hata Dodoma kwa basi ni mbali zaidi." Ukacheka, ukauliza ndege inasimama wapi abiria wachimbe dawa. Ukaniruhusu.

Miaka minne nimeuacha uongo ule ukae. Uliupenda. Uliwatambia hata wenzio wa madrasa kwamba mwanao yuko saa sita tu.

Ndiyo maana ulipozidiwa ulimwambia mdogo wako, mamdogo Zuhura, mtu asikuoshe mpaka nifike, nikuoshe mwenyewe. Ukaondoka baada ya alfajiri. Mamdogo akanipigia: "Njoo mwanangu. Saa sita si nyingi, tunakusubiri."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Nakuja."

Wakakusubirisha. Adhuhuri ikapita umelala chini ya shuka, wewe uliyekuwa ukitugombeza kwamba maiti hacheleweshwi. Alasiri mamdogo akapiga tena: "Umefika wapi?" Nilikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, Guangzhou, hata sijapanda. Nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Basi tunamwosha." Nikamsikia akiagiza maji. Hakukata simu, na mimi sikukata, mpaka zamu yangu ikafika.

Nilitua kesho yake alasiri. Ulikuwa umeshazikwa. Nilikuta kanga zako zimefuliwa, zimeanikwa uani. Mama, hii mikono yangu sijui niifanyie nini.

Majirani wamenipokea kwa huruma. "Ndege zina tabu mwanangu, zimekuchelewesha, si kosa lako." Mamdogo anasikia na haniumbui. Nainamisha kichwa tu, wanadhani ni majonzi. Ni majonzi, lakini na aibu pia. Ulikata roho ukijua niko karibu, mama, na haikuwa kweli. Hilo linaniuma kuliko hata kukukosa.

Nisamehe, mama yangu. Mungu akulaze pema. Ijumaa tunakusomea hitma, na wanawake wote waliokaa mkekani kutwa nzima kunisubiri watakuwepo. Nakuahidi nitasimama mbele yao niseme ndege haikuchelewa.

Mwanao,
Rukia