Baba Anaposoma Pakiti

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama pamoja na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimeisha. Ilinipasa niandike kwamba nasi hatujambo, lakini mkono umekataa. Nina hofu, kaka, na humu ndani sina wa kumwambia.

Unakumbuka daktari alivyomkataza Baba soda na keki, tukakubaliana kwamba vya kutafuna kule kinyozini kwake nitamchagulia mimi. Unamjua mzee: kati ya kichwa kimoja na kingine, lazima mdomo uwe na kazi. Nikamnunulia biskuti zenye picha ya masuke, zimeandikwa kwa herufi kubwa "Nafaka nzima". Akawatangazia wateja kwamba nafaka hizo hazina ugonjwa, ndiyo maana zikaitwa nzima, na anayezila naye atakuwa mzima. Tulicheka, ila hata mimi nilimwamini. Akawa anamaliza pakiti kabla ya adhuhuri.

Wiki iliyopita kiu ikamshika, maji hayamtoshi, choo hakimwachi, mwisho akaketi kwenye kiti cha wateja akashindwa kuinuka. Fundi viatu wa jirani alinisaidia kumfikisha zahanati. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Muuguzi aliuliza anakula nini, nami nikatoa ile pakiti kwenye mkoba, kifua mbele. Akaigeuza. Akanieleza kwamba nzima maana yake punje haikukobolewa, basi. Sukari ni habari nyingine. Nyuma, kwa herufi kama sisimizi, kulikuwa na sukari, asali na sharubati ya glukosi, zote karibu na mwanzo, na kinachotajwa mwanzo ndicho kilicho kingi. Akasema tutafute vyenye sukari isiyozidi gramu tano katika kila gramu mia, na chumvi iwe kidogo. Alitaka pia Baba apimwe macho, kwa kuwa sukari huyaharibu kimyakimya. Baba akamjibu kwamba macho yake yanatosha hata kuwaazima vijana.

Tangu hapo mzee amejipa cheo cha mkaguzi. Kila nilichomletea alikigeuza, akakisogeza dirishani, akapitisha kidole, kisha akatangaza kama kimefaulu. Mimi nilifurahi kweli, nikaona ameshika somo.

Jana pakiti zote za dukani zilinishinda, kila moja chumvi tele au sukari tele. Nikanunua njugu za kukaanga, zile ambazo mwenye duka huzipima mwenyewe na kuzifunga kwenye karatasi ya kaki. Nilimkuta Baba na mteja kitini, mwalimu mmoja, mashavu yamejaa povu. Nikampa kifurushi. Baba akakigeuza, akapitisha kidole, akasafisha koo, akasoma kwa sauti kwamba sukari ni gramu tatu, chumvi hakuna, safi kabisa.

Kaka, karatasi ile haikuwa na herufi hata moja.

Mwalimu alikuwa amefumba macho, hakujua lolote. Baba akapapasa meza mpaka akaupata wembe, akamwinua kidevu. Nilisimama mlangoni roho mkononi, sikuthubutu hata kumwita nisije nikamshtua. Alimaliza salama. Vidole vyake vinaijua kazi, lakini shingo za watu si mahali pa kubahatisha.

Mteja alipoondoka nilimuuliza taratibu. Kwanza alifoka, akataka kujua kama ninataka akae nyumbani kama mgeni. Kisha sauti ikamshuka. Akakiri kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linaona ukungu, na kwamba wateja anawatambua kwa sauti zao. Akaniapisha nisikwambie. Nikaapa, na leo ninakuandikia.

Nimerudi kwa muuguzi. Anasema huenda la kulia likaokolewa, ila tusichelewe. Baba kwangu hasikii, kwako atasikia. Njoo, kaka. Leo asubuhi amefungua kinyozi kama kawaida, nami nimekaa hapa kwenye benchi, kila wembe unapogusa ngozi nabana pumzi.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Baba naye anakusalimu sana. Amesikia kalamu yangu, akanituma nikuandikie kwamba yeye haoni tatizo lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba