Mama Amekula Mkesha wa Krismasi kwa Jirani

Shangazi Teofila mpendwa, nimekwama na sina wa kumweleza, maana hapa kijijini wote wanajua tayari na wote wananicheka.

Mimi naitwa Wioletta, nina miaka arobaini na minne, naishi huku milimani kusini mwa Poland na mama yangu mzazi, Rozalia, katika nyumba ya mbao aliyoijenga marehemu baba, na kila majira ya baridi tunapokea wageni kutoka jiji la Warszawa wanaokuja kupanda magari ya farasi yanayoteleza kwenye theluji, kula jibini letu la kukaushwa kwa moshi na kuona Krismasi ya wazee, na mwaka huu walikuja sita, na meza yetu inatosha watu wanane tu, sasa Shangazi, ukihesabu hao sita, na mimi, na ile sahani tupu ambayo kila nyumba huweka mkesha wa Krismasi kwa ajili ya msafiri asiyetarajiwa, basi nafasi ilikwisha, mama akakosa.

Ningeweza kuiondoa ile sahani, lakini wageni walishasoma habari zake na walitaka kuipiga picha, na isitoshe mama hana meno ya mbele, akinywa supu anasikika mpaka zizini, na mchana ule mgeni mmoja, Bwana Kordian, aliuliza kama angepata soseji, nasi siku ya mkesha hatuli nyama, mama akamwambia, "Mwanangu, leo hata paka wangu amefunga. Wewe umeshindwa na paka?" Wenzake walicheka mpaka machozi lakini mimi nilitamani ardhi inimeze, nikamvuta jikoni nikamwambia, "Mama, leo utakula huku huku karibu na jiko, kuna joto." Akaniuliza, "Na kuvunja mkate je?" maana sisi kabla ya kula huvunjiana mkate mwembamba wa Krismasi na kutakiana heri, nikamjibu, "Tutavunja baadaye, wageni wakishashiba." Akaendelea kukunja vile vimasikio vya unga vyenye uyoga ndani, akavitia kwenye supu ya bitiruti, akapakua mabakuli saba, nikayabeba mezani, na wageni wakasema, "Wioletta, umepika wewe?" nikasema ndiyo, mimi.

Niliporudi kuchukua samaki jikoni hapakuwa na mtu, koti halipo, mlango umerudishwa vizuri. Kumbe mama alikuwa amekatiza theluji hadi kwa Wit Chowaniec, jirani yetu aliyefiwa na mkewe, ambaye huu ni mwaka wa saba hatusalimiani naye kwa sababu ya ugomvi wa uzio, akabisha, na Wit alipofungua akamwambia, "Mimi msafiri. Sahani yako ipo?" Wit akamkalisha penye sahani hiyo, akamvunjia mkate. Haya nayajua kwa kuwa mke wa mwanawe Wit ameyasambaza kanisa zima.

Asubuhi mama akaja, nikafurahi, kumbe amefuata ubao wake wa kusukumia unga. "Wa Wit umepasuka," akasema, akaubeba kwapani, akaondoka. Sasa wageni wa Mwaka Mpya wanakuja kumi, wameahidiwa vimasikio, na mimi nimejaribu kuvitengeneza vikafumuka majini vikawa uji, na nimemwandikia mama kwenye simu mara tatu, "Rudi, wageni wanakuja," hajibu. Shangazi, nimrudisheje mama bila kwenda kujidhalilisha mbele ya yule Wit?

Wioletta, milimani

*

Wioletta,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Msafiri usiyemjua ulimwekea sahani. Aliyekuzaa ulimwekea jiko. Na hiyo sahani wala haikuwa ya msafiri, ilikuwa ya picha.

Wageni wamejaa barua nzima: idadi yao, kicheko chao, tumbo la Kordian. Mama yako alitembea kwenye theluji gizani, na hukuandika hata kama alivaa viatu.

Najua kazi ya wageni inavyochosha. Mimi pia nimekulia nyumba ya kupangisha vitanda, najua haya ya kusimama mbele ya watu wa mjini wenye meno yao yote. Hapo nakuhurumia, na huruma yangu inaishia hapo hapo. Maana watu wale hawakusafiri kutwa nzima ili wakuone wewe. Walikuja kumwona bibi kizee anayemsuta mtu kwa ajili ya soseji, wakacheka mpaka machozi, kwa maneno yako mwenyewe. Ukamficha. Ukawapa nini badala yake? Wewe, na uongo mezani.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe umemtukana mkunga, umemlia chakula chake, umejiita mkunga, na sasa unalia uji umemwagika.

Kwa Wit utakwenda. Unaniuliza njia ya kukwepa mlango wake, na mlango wake ndio pekee uliofunguka usiku ule. Lakini kwanza, leo hii, waandikie hao kumi wa Mwaka Mpya uwaambie wasije. Usiseme mama anaumwa. Sema mpishi ameondoka na kosa ni lako.

Kisha nenda mchana kweupe, upite mlango wa mbele, ubishe. Msalimie Wit kabla ya mtu yeyote. Mke wa mwanawe akiwepo, vizuri, naye apate la kusambaza. Halafu sema wote wakisikia: "Mama, nilikuonea aibu, nikakunyima meza yako, nikasema nimepika mimi." Ukishasema, nyamaza. Usitaje vimasikio, usitaje Mwaka Mpya, usilie mpaka wakubembeleze. Wakikukaribisha chakula, kula.

Na kama hatakubali kurudi, usimvute mkono. Osha vyombo, waage, urudi nyumbani peke yako. Kesho yake uende tena.

Shangazi Teofila