Gauni la Zambarau na Jina la "Gorda"

Kosa tunalofanya wengi hapa Barranquilla ni kudhani kwamba jina likiwa la mapenzi nyumbani, basi halimchomi mtu kokote. Someni barua hii.

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, nina miaka kumi na minne na nyumbani wananiita Gorda, yaani mnene, na sikuwahi kujali kwa sababu baba humwita mama hivyohivyo, naye mama ni mwembamba kama mpini wa ufagio, lakini sasa rafiki yangu Maryuris anatimiza miaka kumi na mitano na amenichagua niwe kwenye densi ya sherehe yake, wasichana wote gauni moja la zambarau, na langu zipu haifungi, basi akaniambia mbele ya wenzetu, "Gorda, lisipofunga Jumamosi utakaa kule kwenye keki, uilinde isiliwe, ila nani atailinda dhidi yako?", wakacheka, nikacheka nami, na tangu hapo arepa yangu, ule mkate wa mahindi, nampa mbwa chini ya meza, na jana mazoezini macho yakaingia giza nikaanguka, nikamwambia kila mtu, hata mama, kwamba niliteleza, mimi na Maryuris tumekua pamoja, sitaki kumpoteza, lakini nikisema inaniuma ananijibu, "Jamani wewe, si jina lako hilo?", nifanye nini?

Yurleidis

Yurleidis, mjukuu wangu, gauni lisubiri kwanza. Umeanguka kwa njaa, na ukaficha. Hapo nakugombeza: mwili unaokua hauadhibiwi kwa sababu ya zipu.

Sasa tulitazame hilo jina. Baba yako akiita "Gorda", mama hugeuka akitabasamu, wala hapewi sharti. Maryuris amelitia sharti: funga zipu au kalinde keki. Neno ni lilelile, kazi yake imebadilika. Na wewe ulipocheka, ulimsaidia asione. Mwite pembeni, usicheke, umwambie: "Niite Yurleidis. Ukinitaka kwenye densi, nakuja na mwili huu." Akikubali, rafiki unaye. Akikataa utalia sana, najua, lakini utakuwa umemjua.

Gauni ni kitambaa tu; fundi ataongeza kipande ubavuni, na mama akupeleke kliniki upimwe damu.

Ila hayo yote yana mwanzo wake. Leo jioni keti mezani, ule arepa yako mwenyewe, na umwambie mama kwamba hukuteleza.